Kufunga Kidonda: Uhakiki wa Istilahi za Kumpima Mwanafunzi wa Uuguzi

Miongoni mwa kazi zinazofanywa kila siku katika hospitali zetu, na ambazo watu wengi huziona kuwa ni ndogo, ni ile ya kukisafisha na kukifunga kidonda cha mtu aliyepasuliwa. Daktari mpasuaji akishamaliza kazi yake na kuondoka, kidonda hubaki mikononi mwa wauguzi, na mara nyingi hubaki mikononi mwa mwanafunzi wa uuguzi aliyeletwa wodini kwa mafunzo ya vitendo. Mwanafunzi huyo hupimwa. Mkufunzi wake husimama kando ya kitanda na karatasi mkononi, akitia alama ya vema penye hatua iliyotimizwa na kuacha wazi penye hatua iliyosahauliwa. Makala haya hayahusu ufundi wa kazi hiyo, maana ufundi una wenyewe. Yanahusu maneno yaliyomo katika karatasi ile, na yale yanayomfika mgonjwa maneno hayo yakiwa na kasoro.

Karatasi tunayoihakiki ni tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na wakufunzi wa kituo kimoja cha mkoa wa Songwe kwa matumizi yao wenyewe. Hatutakitaja kituo chenyewe, kwa kuwa karatasi haikutolewa ili ihakikiwe hadharani, na kwa kuwa maneno mengi tutakayoyatilia shaka yanasikika katika hospitali kote nchini. Tunawasifu wakufunzi hao kwa kuthubutu. Masomo ya uuguzi katika vyuo vyetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mtihani wake huandikwa kwa Kiingereza. Lakini kazi yenyewe hufanywa kwa Kiswahili tangu salamu ya asubuhi hadi mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Waliofanya tafsiri hii waliona pengo hilo kabla ya wataalamu wengi wa lugha kuliona.

Yafaa msomaji alijue kidogo eneo lenyewe, kwa sababu linahusika na hoja zetu. Songwe ni mkoa mchanga, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka mkoa wa Mbeya, na makao yake makuu yapo Vwawa. Mji wa Tunduma upo mpakani kabisa, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Hapo hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, na reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Wenyeji wa mkoa huo husema Kinyiha, Kinyamwanga, Kindali, Kilambya, Kimalila na lugha nyinginezo. Katika wodi moja ya upasuaji mahali kama hapo anaweza kulala mama mkulima wa Mbozi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili, pembeni yake dereva wa lori kutoka pwani, na baada yake mfanyabiashara wa Zambia anayesema Kibemba na Kiswahili cha sokoni. Lugha inayowaunganisha wote watatu na muuguzi wao ni Kiswahili. Istilahi ikiwa na utata, ni mahali kama hapo ndipo utata wake utakapojulikana upesi kuliko katika ofisi zetu za Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza ya karatasi inasema: "Mweleze mteja utaratibu." Tuanze na huyo mteja. Neno hili liliingia katika huduma za afya kwa nia njema, ili anayehudumiwa asionekane kuwa ni mtu wa kuamrishwa tu. Lakini kwa Mswahili mteja ni mtu wa dukani au wa wakili, na anaweza kuondoka bei ikimshinda. Aliyelala kitandani na mrija tumboni haondoki. Neno mgonjwa lina heshima yake ya tangu zamani na halimdhalilishi mtu, ila kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji linaweza kuleta ubishi, kwa kuwa mama huyo hajioni kuwa mgonjwa. Hapo mkufunzi na aandike "mama". Hatuoni sababu ya karatasi ya upimaji kukwepa neno ambalo kila muuguzi hulitumia.

Jambo zito zaidi katika hatua hiyo ni hili. Mwanafunzi hupewa alama kwa "kueleza utaratibu", lakini hajapata kufundishwa maneno ya kuuelezea. Alijifunza darasani kwa Kiingereza, na sasa anatakiwa asimame mbele ya bibi wa miaka sabini, aamkie, na aseme atakalofanya kwa lugha ambayo hakuna mwalimu aliyeitumia kumfundishia jambo hilo. Kinachopimwa hapo ni ubunifu wa mwanafunzi katika lugha, na wengine wamejaliwa, wengine hawakujaliwa. Wasiojaliwa husema maneno mawili matatu, mgonjwa huitikia "haya", na alama hutolewa. Mkufunzi naye hana kipimo cha kujua kama maelezo yalikuwa sahihi, maana hana maandishi ya kuyalinganisha nayo.

Tulipokuwa tukiyachunguza maneno ambayo wanafunzi huyabuni, tulikutana na mfano ambao unafaa kuelezwa kwa kirefu. Mwanafunzi anataka kuondoa bandeji ya jana ili aweke mpya. Anasema: "Shikamoo bibi. Naomba nikufungue kidonda." Anachokusudia ni kufungua bandeji. Anachokisikia bibi ni kwamba mshono utafumuliwa. Mtu aliyepasuliwa juzi akiambiwa kuwa kidonda chake kitafunguliwa, ana haki ya kuushika mkono wa muuguzi na kukataa. Kisha mwanafunzi ataandikiwa kwamba ameshindwa kupata ridhaa ya mgonjwa, na mgonjwa ataandikiwa kwamba ni mkaidi, kumbe aliyewagombanisha ni kitenzi.

Kitenzi hicho, kufunga pamoja na kinyume chake kufungua, ndicho kiini cha karatasi nzima. Kichwa chake kinasema "Upimaji wa Kufunga Kidonda cha Upasuaji", na hapo kufunga ni kazi yote kwa jumla: kuondoa bandeji ya zamani, kukagua, kusafisha, kufunika tena. Mbele kidogo kuna hatua isemayo "Kagua kama kidonda kimefungwa vizuri." Tuliwauliza wauguzi wawili wenye uzoefu maana ya hatua hiyo. Mmoja alisema ni kutazama kama bandeji imekaa sawa, haikulegea wala haikubana. Wa pili alisema ni kutazama nyuzi, kwamba hakuna uliokatika na kwamba kingo zimekutana. Wote wawili wanasema Kiswahili fasaha, na wote wawili wako sahihi kwa mujibu wa lugha. Halafu kuna hatua ya mwisho-mwisho inayomtaka mwanafunzi aandike katika jalada "kama kidonda kimefunga", na hapo maana ni ya tatu: nyama imeshikana, kidonda kinapona. Basi kitenzi kimoja kinabeba kazi ya muuguzi, kazi ya mpasuaji na kazi ya mwili wenyewe. Katika mazungumzo ya nyumbani hilo halina madhara, kwani muktadha hutosha. Katika karatasi ambayo alama yake humfaulisha au humwangusha mtu, halivumiliki.

Wapo wanaosema tatizo hili limekwisha kutatuliwa na wauguzi wenyewe, ambao husema dresingi na kudresi. Hatulidharau neno hilo, limeenea na linaeleweka wodini. Lakini limehama na utata wake kutoka lilikotoka, kwa kuwa hutaja kitendo na papo hapo hutaja kitu kinachowekwa juu ya kidonda. "Toa dresingi" ni kuondoa kitambaa au ni kutoa huduma? Zaidi ya hayo mgonjwa wa Mbozi au Ileje halijui, naye ndiye anayetakiwa kuelezwa.

Maoni yetu ni kwamba kazi yote kwa jumla iitwe kuhudumia kidonda. Kitendo cha kuweka kitambaa kiitwe kufunika, na kitu chenyewe kifuniko cha kidonda. Kazi ya mpasuaji iitwe kushona, jina ambalo wananchi wamekwisha kulipa. Kupona kwa kingo kuitwe kushikana. Kufunga kibaki, lakini kishike yambwa moja tu, nayo ni bandeji: hufungwa bandeji, hafungwi mtu wala kidonda. Mwanafunzi wetu sasa atasema, "Shikamoo bibi, naomba nikufungue bandeji, nikitazame kidonda, nikisafishe, kisha nikifunike upya." Hakuna neno hapo ambalo bibi hakulijua tangu utotoni, wala hakuna linaloweza kueleweka kwa namna mbili.

Kuhusu kidonda chenyewe, watafsiri walisitasita. Mahali pengine wameandika kidonda, pengine jeraha, na mara moja mshono. Si vibaya kuwa na maneno matatu iwapo kila moja limepewa mpaka wake, na Kiswahili kimekwisha kuanza kuyagawa. Jeraha huja kwa ghafla kutoka nje, kwa kisu, kwa ajali ya lori, kwa risasi. Kidonda ni nyama iliyo wazi au inayouguzwa, hata kama mwanzo wake ulikuwa jeraha. Mshono ni pale palipokwisha kushonwa, na akina mama waliojifungua kwa upasuaji hulitumia neno hilo kwa usahihi mkubwa: husema mshono unauma, mshono umekauka, mshono umefumuka. Wapo waliopendekeza jeraha la upasuaji liwe istilahi ya jumla kwa hoja kwamba kidonda kinanuka maradhi. Hatukubaliani nao. Jeraha linanuka ugomvi, na hilo ni baya zaidi kwa mtu aliyeingia chumba cha upasuaji kwa ridhaa yake. Kidonda kina sifa nyingine ambayo Tunduma inaidhihirisha vizuri. Shina lake ni la Kibantu na limesambaa mbali: Kibemba husema icilonda, Kichewa husema chilonda, Kizulu husema isilonda. Mfanyabiashara wa Nakonde anayekijua Kiswahili cha sokoni tu hatahitaji kufasiriwa neno kidonda, wakati jeraha, lenye asili ya Kiarabu, litampita. Kanuni tuliyoizoea katika kazi ya istilahi, kwamba tuanze na Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, ndipo twende kwingine, mara nyingi hutajwa kama kanuni ya uzalendo. Hapa inaonekana kuwa ni kanuni ya kumfaa mgonjwa. Basi kidonda cha upasuaji kwa jumla, na mshono pale kinapokuwa kimeshonwa na hakijafumuka.

Sasa tufike kwenye sehemu ngumu kuliko zote. Karatasi inatumia neno safi mara kumi na moja: mikono safi, glavu safi, maji safi, koleo safi, meza safi, eneo safi, na kadhalika. Katika taaluma ya upasuaji usafi una daraja, na kuzichanganya daraja hizo ndiko kunakoua. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis, huko Vienna, aliona kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti na kuwashika wazazi waliwapelekea kifo, ingawa walikuwa wamenawa. Alipowaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vilipungua sana. Mwaka 1867 Joseph Lister alitangaza njia yake ya kutumia asidi ya kaboliki katika vidonda. Mikono ya madaktari wale wa Vienna ilikuwa safi kwa macho. Neno safi, katika Kiswahili kama katika lugha nyingi, ni neno la macho, na kijidudu hakionekani kwa macho.

Mwanafunzi anayesoma "vaa glavu safi" anaweza kuchukua glavu za kawaida zilizomo katika boksi lililo wazi, zile za kushikia vyombo vya haja, akazivaa na kugusa mshono. Ametii karatasi. Mkufunzi anayejua kilichokusudiwa atamnyima alama, na mwanafunzi atalalamika kwa haki.

Tumeyapima maneno yaliyopo moja baada ya jingine. Kuosha ni kuondoa uchafu kwa maji na sabuni, halina utata, na libaki hivyo. Kuchemsha lilitumika sana na wauguzi wa zamani, ambao vyombo vyao vilichemshwa kwelikweli katika sufuria. Lakini maji yanayochemka hayaui mbegu za vijidudu vya pepopunda, na ndiyo sababu vyombo hupikwa kwa mvuke wenye kani, kwa kawaida nyuzi 121 za Selsiasi kwa muda usiopungua dakika 15. Kuviita vyombo hivyo "vilivyochemshwa" ni kumwambia mwanafunzi kwamba sufuria inatosha. Kutakasa lilikuwa neno lenye matumaini, kwa kuwa lina uzito wa ibada na linadokeza usafi usio na doa. Kwa bahati mbaya limekwisha kuchukuliwa. Tangu mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, nchi nzima imejifunza kuiita dawa ya mikono kitakasa mikono, na dawa hiyo huua vijidudu vingi lakini haziui mbegu zao. Wenye fedha haramu nao wanazitakasa. Neno lililokwisha kuajiriwa mahali pawili haliwezi kuitwa la tatu na likategemewa.

Lipo pia tasa. Limependekezwa na watu wenye elimu, kwa sababu katika Kiingereza neno la chombo kisicho na vijidudu na la mtu asiyezaa ni moja. Huu ni mfano mzuri wa jinsi tafsiri ya kamusi inavyoweza kupotosha. Katika Kiswahili tasa ni tusi linalokaribia kumtoa mwanamke nyumbani kwake. Mwanafunzi akitamka "naomba kitambaa tasa" mbele ya mama aliyepasuliwa kwa ajili ya mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, hatasikilizwa tena, na sisi hatutamlaumu mama huyo.

Tunapendekeza kwa hiyo neno la mkopo, sterili, na kitenzi chake kusterilisha, kwa matumizi ya wataalamu. Tunajua lawama zitakazotufikia. Wapo wasomaji wanaohesabu kila mkopo kuwa ni kushindwa. Lakini dawa ni mkopo, hospitali ni mkopo, bandeji ni mkopo, na shule tuliyosomea haya yote ni mkopo kutoka kwa Wajerumani. Fadhila ya neno sterili ni kwamba halina maisha ya nyuma katika lugha yetu: halijapata kumaanisha kung'ara, wala kuchemka, wala kutozaa. Litamaanisha kile tu tutakachoamua limaanishe. Kwa mgonjwa mwanafunzi aseme kwa maneno ya kawaida kwamba vyombo hivi havina kijidudu hata kimoja, na atakuwa amesema kweli tupu. Kati ya kuosha na kusterilisha kubaki kuua vijidudu, kwa dawa za kupaka na kitakasa mikono. Daraja zitakuwa tatu na maneno matatu, na safi ataachiwa mfagizi.

Ipo hatua nyingine iliyotushughulisha, nayo haina neno gumu hata moja. Inamtaka mwanafunzi aeleze dalili za uambukizo: "wekundu, joto, uvimbe, maumivu na usaha." Dalili nne za mwanzo zimo katika vitabu vya tiba tangu enzi za Warumi, na ni za kweli. Lakini waliozitaja kwanza walikuwa wakitazama ngozi nyeupe. Katika ngozi ya Mnyiha au Mnyamwanga, kama ilivyo kwa wengi wetu, uambukizo hauleti wekundu wa wazi. Ngozi hugeuka kuwa nyeusi zaidi, au kuwa ya zambarau, au isionyeshe mabadiliko yoyote ambayo jicho lisilozoea litayaona. Mwanafunzi anayetafuta wekundu hatauona, ataandika "hakuna wekundu", atapewa alama yake, na mgonjwa atapandwa na homa usiku. Hapa tafsiri ni sahihi neno kwa neno, na ndiyo hatari yake. Mtafsiri aliuliza wekundu huitwaje kwa Kiswahili, akajibiwa. Angeuliza jambo hilo huonekanaje hapa, angeandika: "ngozi ya kandokando imebadilika rangi ukilinganisha na ya mbali nayo", na angeongeza kwamba joto lipimwe kwa mgongo wa mkono kabla glavu sterili hazijavaliwa. Tunapenda jambo hili lisomwe pia na wale wanaotunga karatasi za Kiingereza.

Karibu na hapo kuna neno kikavu. Wananchi husema kidonda kimekauka wakiwa na maana kwamba kimepona, na kidonda kibichi ni kile kilichotokea sasa hivi. Fikra hiyo ya ukavu imo ndani ya lugha kiasi kwamba mama hunyunyizia unga wa dawa, na wengine hata majivu, ili kidonda "kikauke". Kwa mshono uliofungamana vizuri ukavu ni dalili njema na hatuna ugomvi nao. Kwa kidonda kilichofumuka au kilichoachwa wazi mambo ni mengine: tangu George Winter alipochapisha majaribio yake juu ya nguruwe mwaka 1962, imejulikana kwamba kidonda kinachohifadhiwa katika unyevu wa kiasi huota ngozi upesi zaidi kuliko kilichoachwa kikauke na kufanya gaga. Karatasi inaposema kwa vidonda vyote "hakikisha kidonda ni kikavu", inamfanya mwanafunzi aikaushe nyama changa kwa shashi, na kesho yake shashi itakapobanduliwa itatoka na nyama hiyo. Lugha hatuwezi kuibadili. Hakuna atakayewazuia watu kusema kimekauka. Lakini karatasi ya upimaji isilitumie neno hilo kwa kidonda kilicho wazi. Iandike kwamba ngozi ya pembeni iwe kavu na kidonda chenyewe kisitote wala kisikauke.

Mwisho ni neno la juu kabisa ya karatasi, umahiri. Sera na mitaala ya elimu nchini imelichagua kwa maana ya uwezo ambao mwanafunzi hutakiwa kuufikia, na hatutarajii liondolewe huko. Wenzetu wa isimu wana umilisi wao kwa dhana iliyo jirani. Lakini chini ya karatasi hii mkufunzi anatakiwa achague moja kati ya mawili: "Mahiri" au "Si mahiri." Kwa msemaji wa Kiswahili fundi mahiri ni yule anayefuatwa kutoka vijiji vya mbali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyehudumia vidonda sita hawezi kuwa mahiri, na mkufunzi mwenye dhamiri atasita kumwandikia hivyo. Asiye na dhamiri atawaandikia wote, kwa kuwa neno limekuwa kubwa mno hata halina maana tena. Kinachotafutwa na upimaji ni kitu cha chini zaidi na cha lazima zaidi: je, mtu huyu anaweza kuachiwa kidonda peke yake bila kumdhuru mgonjwa? Kiswahili kina kitenzi cha jambo hilo, nacho ni kumudu. "Amemudu", "Hajamudu." Hajamudu lina wema wake vilevile, kwani kiambishi -ja- kinamwachia mwanafunzi nafasi ya kurudi wiki ijayo.

Hapo hapo tunaona kasoro ambayo ni ya hesabu, lakini imefichwa na lugha. Hatua zote zinaitwa hatua, na kila moja ina alama moja. Tuseme ziko ishirini. Mwanafunzi anayesahau kuandika saa katika jalada hupata kumi na tisa. Mwanafunzi anayegusa kwa kidole kitambaa kitakachokaa juu ya mshono, akakiweka hivyo hivyo, naye hupata kumi na tisa. Asilimia 95 kwa wote wawili. Tangu Ronald Harden na wenzake wa Dundee walipoeleza mwaka 1975 mtihani wa kupitia vituo, ambapo kila mwanafunzi hutazamwa akitenda kwa orodha moja, vyuo vingi duniani vimekubali kupima kwa orodha, na ni jambo jema, maana upendeleo umepungua. Lakini orodha haijui uzito mpaka ipewe. Karatasi za Kiingereza tulizoziona huziwekea nyota hatua zile ambazo mtu akizikosa ameanguka hata kama amepata nyingine zote. Katika tafsiri nyota zimedondoka njiani, pengine kwa kuwa watafsiri hawakuwa na jina la kuziita. Tunapendekeza ziitwe hatua zisizosamehewa. Jina si la kitaalamu sana, na baadhi ya wenzetu ofisini wamelicheka, lakini mwanafunzi akilisoma mara moja halisahau.

Vifaa havikutupa shida kubwa. Mkasi, pamba, plasta, sinia na glavu vinajulikana. Kwa chombo cha kubania kitambaa tunapenda kibano kuliko koleo, kwa kuwa koleo ni la fundi chuma na la jikoni. Uelekeo wa kufuta umeandikwa "kutoka ndani kwenda nje", na mwanafunzi anaweza kudhani aanzie ndani ya tundu, iandikwe "kutoka kwenye mshono kwenda pembeni, kila kipande cha pamba mara moja tu." Limebaki neno la kile kitambaa chepesi chenye matundu. Kamusi zetu zinacho shashi, neno zuri la pwani, ambalo hapa tumelitumia bila kusita. Wauguzi hawalitumii. Wao husema gozi, na ndugu wa mgonjwa akiandikiwa katika kikaratasi akanunue gozi katika duka la dawa la Tunduma, huileta ile inayotakiwa, wala hakuna aliyepata kuleta ngozi ya ng'ombe. Baadhi yetu wanashikilia shashi, wengine wanaona kwamba gozi imekwisha kushinda. Maneno yote mawili yamepelekwa kama yalivyo katika kikao kijacho cha usanifishaji, na tungependa kabla ya kikao hicho kupata barua kutoka kwa wauguzi wa Vwawa, Ileje, Momba na kwingineko, watueleze wao na wagonjwa wao huliitaje.